Mawe ya Ndani ya Bangili

Tuna ulizo moja: uzuri ambao hakuna jicho la jirani litakaloutazama, unafanyiwa kazi kwa sababu gani?

Ulizo hili lilitujia tulipofikiri habari za fundi Charles Loloma. Alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Hotevilla, huko Arizona, inchi ya Marekani. Alikuwa wa kabila la Wahopi, ambao mama zao wanafinyanga vyungu tangu zamani. Yeye naye alianza na udongo: baada ya vita alisoma ufinyanzi katika chuo kikuu cha Alfred, ndipo akageukia feza na zahabu.

Inchi ya Wahopi ni kavu, ina milima iliyo bapa juu, kando zake zimekatika kama ukuta. Loloma alisimamisha juu ya bangili vipande vya feruzi, marijani na mti mgumu, kimoja kirefu, kingine kifupi, hata ungesema miamba ya kwao imekaa mkononi mwa mtu. Wengine walinung'unika kwamba hiyo si kazi ya Wahopi tena. Sisi tunaona wamekosa: milima ile ni ya nani, kama si yao?

Lakini jambo la kushangaza liko ndani. Mahali bangili inapogusa ngozi, alipanga pengine mawe mengine ya bei. Bangili ikiisha kuvaliwa, hayaonekani. Mvaaji peke yake anajua.

Mtu atasema ni hasara, tena ni majivuno ya matajiri. Ni kweli, bangili hizo ziliuzwa ghali. Tumtazame basi mama anayefinyanga. Analainisha chungu ndani, ingawa hakuna mgeni atakayesifu ndani ya chungu. Lakini pale kuna faida, chungu kinasafishika. Katika bangili hakuna faida ya namna hiyo. Fundi angeacha upande ule mtupu, wala hakuna ambaye angesema amedanganya. Hakuwa na deni. Tunafikiri alitaka mvaaji awe na kitu kizuri asichoweza kujionyesha nacho.

Loloma alikufa mwaka 1991. Bangili zake nyingine sasa zimo katika nyumba za makumbusho, nazo hazivaliwi. Mtazamaji anaweza kuinama mbele ya kioo na kuchungulia mawe ya ndani, ila hakuna ngozi inayoyagusa. Hatujui kama tufurahi.