Mendeleev Hakujua Ghaibu

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Wete, Pemba, aliniuliza swali lisilokuwemo katika vitabu vya kemia: "Mwalimu, mtu kutaja kitu ambacho hajakiona yeyote, akataja mpaka uzito wake, si kudai elimu ya ghaibu?" Tulikuwa tumefika kwa Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyepanga elementi 63 mwaka 1869. Miaka miwili baadaye alieleza sifa za elementi isiyojulikana, akasema uzito wa atomi yake ni kama 72. Mwaka 1886, Clemens Winkler akaipata Ujerumani, uzito wake ukizidi 72 kidogo tu. Ndiyo gerimani.

Swali ni la dini, nami nililipokea hivyo. Tuliopita chuoni tunajua ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Tunajua pia kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, na kipimo husomeka. Mvuvi wa Kojani atakwambia leo bamvua la mwezi ujao litaingia lini, na hapana atakayemwita mchawi, kwani ameyaona maji yakirudi pamoja na mwezi. Mendeleev naye aliona tabia zikirudi: ukizipanga elementi kwa uzito, baada ya hatua kadhaa huja ndugu wa ile iliyopita. Palipostahili ndugu naye hayupo, akaacha nafasi.

Lau ingekuwa ghaibu, asingekosea. Itazame iodini, haya madini joto ya kwenye chumvi, ambayo Bernard Courtois aliyapata Ufaransa mwaka 1811 katika majivu ya mwani, pale alipozidisha asidi na mvuke wa zambarau ukapanda. Kwa uzito, iodini (126.9) ingeitangulia teluri (127.6). Mendeleev akaiweka nyuma, kwa kuwa tabia zake ni za klorini na bromini, akadhani waliopima teluri wamekosea. Hawakukosea. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba kinachopanga ni chaji ya kiini cha atomi: teluri 52, iodini 53. Tena uzeeni Mendeleev alishikilia kuwa etha, ile iliyodhaniwa kuujaza ulimwengu na kupitisha mwanga, ni elementi nyepesi kuliko haidrojeni. Etha haipo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaowaambia vijana kwamba jedwali lenyewe la elementi ni dalili ya Muumba isiyo na doa. Mpango ni wa Muumba. Jedwali ni la watu, nao hulifuta wakalichora upya. Ukivichanganya viwili hivyo, kila kosa la mwanakemia litageuka shaka katika imani ya mtoto.

Kijana akauliza tena: basi kuusoma mpango huo kuna thawabu gani? Nikamwambia afikirie rovu, uvimbe wa shingo uletwao na upungufu wa madini joto. Bahari imetuzunguka, akina mama wanalima mwani, na bado watafiti wamekuta upungufu wa madini joto Pemba. Maji ya bahari yana iodini kidogo mno, hivyo chumvi tunayoianika juani haitoshi mpaka iongezwe. Mama mjamzito akikosa sana madini joto, akili ya mwanawe huweza kudumaa. Kwangu mimi kulijua hilo na kulifanyia kazi ni fardhi kifaya, sawa na kumzika maiti. Somo letu lijalo skuli ni kupima chumvi za majumbani mwa wanafunzi: yenye madini joto, ikidondoshewa dawa yenye wanga, hugeuka buluu.