Mwambie Mfalme Aandae Meza

Andiko: 2 Wafalme 6:8–23

Fungua nami andiko hili ulisome polepole.

Mfalme wa Shamu amevamia Israeli tena na tena. Siku moja Mungu anawapiga askari wake kwa upofu, na Elisha anawaongoza kama kondoo hadi ndani ya Samaria. Macho yao yakifunguka, wako mikononi mwa adui. Mfalme wa Israeli anamuuliza Elisha, tena kwa haraka, kama awapige. Elisha anakataa: wape chakula na maji, warudi kwao. Mfalme anaandaa karamu kubwa. Vile vikosi havikurudi tena kuvamia.

Umeona hapo? Karamu ya mfalme hugharimu. Pesa ambayo ingenunua mikuki siku hiyo ilinunua mkate. Na aliyetoa shauri hilo alikuwa mtumishi wa Mungu asiye na cheo ikulu.

Hebu tuvuke mpaka twende kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi. Vita vya serikali na waasi wa Joseph Kony viliwatesa watu kwa miaka mingi. Watoto walitekwa, mamia ya maelfu wakafungiwa kambini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, viongozi wa dini wa huko, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi, waliungana. Hawakuishia kwenye maombi. Waliwaendea wakubwa wa Kampala wakaomba njia ya mazungumzo na msamaha kwa atakayeweka silaha chini. Bunge likapitisha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na maelfu wakatoka msituni.

Kati yao alikuwa Askofu Macleord Baker Ochola. Mke wake aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997. Mtu kama huyo angeomba bunduki zaidi, na nani angemlaumu? Yeye aliomba msamaha upewe hata waliomuumiza.

Vita havikuisha siku hiyo. Mwaka 2002 jeshi lilianzisha operesheni kubwa, na bajeti za wizara nyingine zikapunguzwa kuongezea ulinzi. Shilingi ya dawa ikawa ya risasi. Wale viongozi hawakukata tamaa. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokimbia vijiji kila jioni wasitekwe. Dunia ikaanza kutazama. Mwaka 2006 pande mbili zilikaa mezani Juba, zikatia sahihi ya kusimamisha mapigano. Mkataba wa mwisho Kony hakuutia sahihi, lakini watu walianza kurudi makwao kulima.

Sasa sisi wa Nunguni. Ukambani tumetoa wana wengi kwa jeshi tangu siku za KAR. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na Januari 15, 2016, tulilia kwa sababu ya El Adde. Mama mwenye mtoto kambini anajua usiku ulivyo mrefu. Mimi simdharau mwanajeshi, namuombea. Lakini kura ya pesa za vita haipigwi kambini, inapigwa Bungeni. Ibara ya 95 ya Katiba inalipa Bunge la Taifa kazi ya kugawa fedha na kuidhinisha kutangazwa kwa vita. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila mtu, hata wewe mama wa sokoni.

Utaniuliza, "Mchungaji, na Warumi 13 je?" Elisha hakumpindua mfalme. Alimwambia ukweli kwa heshima, naye mfalme akasikia.

Kwa hivyo wiki hii, wazee, akina mama na vijana wakae pamoja baada ya ibada ya katikati ya wiki. Andikeni barua moja kwa mbunge wetu wa Kaiti. Muulizeni kwa adabu: vita hivi vitaisha lini, vinatugharimu nini, na ni kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya mazungumzo? Tieni sahihi. Kisha tuombe juu ya barua hiyo kabla haijatoka hapa.

Tuombe: Baba, uwarudishe watoto wetu salama, na watoto wa Somalia pia. Wape watawala wetu sikio la yule mfalme, nasi utupe kinywa cha Elisha. Katika jina la Yesu. Amina.