MVUJO ULIOZIBWA

Tumeulizwa swali na ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu, naye ametaka jawabu liandikwe ili na wengine wapate kufaidika. Swali lenyewe ni hili: Mtu ana lori kuukuu la dizeli ambalo injini yake yavuja mafuta. Amwita fundi, naye apaka gundi penye mvujo na kutia dawa katika oili, mvujo ukakoma. Kisha mwenye lori aliuza bila ya kutaja lililokuwako. Je, ana makosa? Na fundi je? Na ikiwa mnunuzi si Muislamu, hukumu yabadilika?

Kabla ya kujibu yapasa tuijue kasoro yenyewe, kwani mtu hawezi kulitolea hukumu jambo asilolifahamu. Ndani ya injini mna chuma kizito kizungukacho, mafundi hukiita krenki, nacho ndicho kipokeacho nguvu za pistoni. Pale kinapotokea nyuma ya injini, karibu na klachi, kimezungushiwa pete iitwayo sili, na kazi yake ni kuyazuia mafuta yasitoke. Katika injini nyingi za zamani pete hiyo ilikuwa kamba iliyosokotwa, nusu yake juu na nusu yake chini. Katika za baadaye ni mpira wenye mdomo mwembamba. Mpira huo, kwa joto na kwa miaka, hukauka ukawa mgumu, na krenki nayo huchimbika mfuo pale inaposuguana nao. Hapo mafuta huanza kupenya.

Sili yenyewe si ghali. Lililo ghali ni kuifikia. Sharti giaboksi ishushwe, klachi ifunguliwe, na gurudumu zito lililo nyuma ya injini litolewe. Fundi hodari hautazami mpira peke yake. Huutazama na ule mfuo wa krenki, akaufunika kwa ala nyembamba ya chuma, au akaiweka sili mpya mbele kidogo au nyuma kidogo ili mdomo wake upate mahali pazima. Tena huitazama njia ya kupumulia ya injini. Maana ringi za pistoni zikichakaa, moshi hushuka chini na kuyasukuma mafuta nje, na hapo hata sili mpya itavuja. Kazi hii ni ndefu na yataka subira, ndiyo maana wengi wakaikimbia na kushika njia ya chupa na gundi.

Dawa ya chupa huulainisha mpira na kuufurisha kidogo. Hufaa kwa mpira uliokauka tu, tena kwa muda. Haiponyi mpira uliopasuka wala krenki iliyochimbika. Gundi nayo ina mahali pake, kwani ziko injini ambazo bakuli lake la mafuta limefungwa kwa gundi tangu kiwandani. Lakini sharti chuma kisafishwe, gundi itiwe kwa kadiri, kisha iachwe ikauke. Ikizidi huingia ndani, ikakatika vipande, ikaziba chujio la pampu ya oili, na injini ikafa kwa kiu. Na ikipakwa juu juu penye mafuta haishiki, bali hufunika tu.

Basi kuziba kwa dhati yake si haramu. Aliyeharibikiwa njiani akaziba ili afike nyumbani, au mwenye lori lake aliyeridhika kulitumia hivyo huku akilichunga, hana lawama maadamu hamhatarishi mtu. Lawama yaanza pale kuziba kunapokuwa ni kumziba mwenzako macho.

Na swali hili, ndugu zetu, halikutoka hewani. Liliulizwa kwa ajili ya lori lililouzwa hapa mtaani kwetu. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Kikamba, Mkristo, kutoka Nunguni katika kaunti ya Makueni. Asiyepajua Nunguni na ajue kuwa ni mji ulio juu ya milima ya Kilungu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, penye baridi na mashamba ya matuta. Aendaye huko kutoka Mombasa huiacha barabara kuu ya Nairobi, akapanda vilima vyenye kona. Lori lilikwenda tupu likafika salama, yule bwana akashukuru.

Siku ya kwanza kulipakia mawe ya kujengea, penye mwinuko, joto la injini likazidi na ile dawa ya chupa haikufaa kitu. Mafuta yakamwagika katika klachi, klachi ikateleza. Injini ikawa yanguruma na magurudumu hayavutwi. Lori likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma kwa uzito wake, breki zikilizuia kwa shida. Tanboi akaruka na kutia gogo nyuma ya gurudumu. Nyuma yao, kadiri ya hatua ishirini, walikuwako wanawake watokao sokoni na vikapu vyao. Mungu aliwanusuru.

Yule bwana aliteremka mpaka Mombasa, akasimama nje ya msikiti baada ya Alasiri kumngoja aliyemuuzia. Hakupiga kelele. Alisema maneno haya tu: "Sikulikagua sana gari lile. Nilimwona mwenyewe akitoka kuswali, nikasema huyu hatanidanganya."

Sasa tuje kwenye hukumu. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta umaji chini ilhali juu ni kavu. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa ni mvua, asikubaliwe. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu waione. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha. Na tena Mtume amekataza kumwacha mnyama bila kukamwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani maziwa yake ni mengi, akampa mnunuzi khiyari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakusimama penye ngamia na mbuzi. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja mtu azuiaye maji ya mfereji au ya kinu, kisha akayafungulia wakati wa kuuza ili kinu kionekane chazunguka kwa nguvu. Akasema mnunuzi ana khiyari. Basi injini iliyooshwa, ikapakwa gundi na kutiwa dawa ya chupa asubuhi ya kuuzwa, ina tofauti gani na kinu kile?

Watu husema: "Nilimwambia alitazame mwenyewe, nikasema nauza kama lilivyo." Udhuru huu hautoshi. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, sharti ya muuzaji kujitoa katika kasoro haimwokoi ila kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Lori si mnyama, na kasoro hii aliijua, bali aliifunika kwa mkono wake.

Wengine husema: "Nikisema ukweli halinunuliwi, na nina watoto." Lanunuliwa. Sema kuwa sili ya nyuma imekwisha, punguza thamani ya sili na kazi ya fundi, na atapatikana mwenye gereji wa kulichukua. Unachopoteza ni faida isiyokuwa yako tangu mwanzo.

Kama mnunuzi si Muislamu, hukumu ni ile ile. Mali yake ina heshima na uhai wake una heshima. Wala tusisahau kuwa yule bwana hakuisoma dini yetu katika vitabu. Aliisoma katika mlango wa msikiti, na somo tulilompa ni lile lililotokea mlimani.

Ama fundi, akiwa alijua kuwa kazi yake ni ya kudanganyia, basi ni mshirika, na ujira wake una doa. Wala hasalimiki kwa kunyamaza, kwani wanazuoni wamesema kuwa si muuzaji peke yake apasiwaye kusema: kila aijuaye kasoro yampasa kumjulisha mnunuzi.

Na hapa, ndugu msomaji, kalamu yangu yaniuma mwenyewe. Lori lile likilala mbele ya madrasa yetu. Kila asubuhi nikiona doa jeusi mchangani, na wanafunzi wakilirukia. Siku moja doa lilikoma. Nikaona wepesi moyoni, nisiulize. Siku ya tatu nikaitwa kuwa shahidi wa mauziano, nikatia sahihi. Masala ya kinu na maji yake nimeyasomesha mara nyingi kwa sauti kubwa, na yalipokuja mbele yangu yamevaa mpira na chuma sikuyatambua. Au niliyatambua nikaona haya.

Muuzaji, baada ya mazungumzo, alikubali kulipa klachi, sili na kazi yote, na mnunuzi akaridhika kubaki na lori lake. Nami nilimwomba yule bwana radhi mbele ya jamaa. Akanisamehe, ila alisema safari nyingine atakuja na fundi wake. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka.

Tusiseme, litakapotokea la kutokea mlimani, kuwa ni kudra, ilhali gundi ingali mikononi mwetu. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu. Kuficha ni kwetu. Mwenye lori la kuuza na aseme lililomo, na ajuaye na aseme ajualo, kabla fedha hazijahesabiwa.

Wabillahi taufiq.