Mkristo na Hisa Zake: Kuuza au Kungoja?



Wahenga wametuachia mithali mbili zinazopingana. Moja yasema, subira huvuta heri. Nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye hisa katika kampuni ya ufundi wa kisasa huzisikia zote mbili kila bei ipandapo au ishukapo. Je, achukue faida yake leo, au angoje miaka? Tena, je, jambo hili lahusu imani, au ni la madalali tu?

Na tuitazame Safaricom, kampuni ya simu tuijuayo sote. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, na wengine walikopa benki ili wanunue. Zilipoingia sokoni mwezi wa Juni, bei ilipita shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5, na mwaka 2009 ikafika chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15.

Sasa tuwafikirie watu watatu. Wa kwanza aliuza kwa 7 akalipa karo ya mtoto. Wa pili alinunua kwa mkopo. Siku ya kulipa ilipofika akauza kwa 3. Wa tatu aliiona 40, akasema, nangoja 50.

Wa kwanza alichekwa baadaye, lakini kwa nini? Alinunua kwa ajili ya karo, na karo ikalipwa. Wa pili hakukosa subira. Alikosa wakati, kwa kuwa wakati ule ulikuwa mali ya benki. Wa tatu anajiita mwenye subira. Lakini tukimwuliza, "Hiyo 50 ni ya nini?" hana jibu. Hapo ndipo twaona tofauti: subira yajua inangoja nini, bali tamaa haijui, na kwa hiyo haishibi.

Mtu atasema: mtumishi aliyefukia talanta yake alilaumiwa, basi si haki kutafuta faida? Ni haki. Na kungoja kuna thamani yake, kwani aliyenunua kwa 5 akauza mwaka 2021 alipata mara nane. Lakini tusiifanye subira kuwa hirizi. Huko Marekani, baada ya mwaka 2000, kampuni nyingi za intaneti zilikufa kabisa, na waliongoja wakapoteza vyote. Tukumbuke pia kwamba mtumishi wa talanta alitakiwa kutoa hesabu kwa bwana wake, bali yule tajiri wa Luka 12, aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, alizungumza na nafsi yake tu. Hawakupimwa kwa wingi wa mali, bali kwa yule waliyemjibu.

Tukiri kwamba sisi nasi, bei ipandapo, huhesabu fedha ambazo hazijaingia mkononi, na ishukapo twakosa usingizi hata sala yatushinda. Basi yatupasa kufanya hivi. Kabla ya kununua, tuandike kwenye karatasi: fedha hizi ni za kazi gani, zitatakiwa lini, kiasi gani kitatosha, na fungu la Bwana ni lipi. Fedha ya chakula, ya kodi ya nyumba na ya karo iliyo karibu isiende huko kamwe. Kisha bei itikisikapo, tuiulize karatasi yetu, tusimwulize jirani. Ikisema uza, tuuze bila majuto. Ikisema ngoja, tungoje bila hofu.

Neno "yatosha" ni fupi, lakini ni gumu kulitamka. Bwana atujalie kulitamka kwa wakati wake.