Kisu Hakifundishi Kiasi

Mtu anayeacha kula baada ya matonge matano kwa sababu tumbo lake halina nafasi ya la sita, je, ana fadhila ya kiasi? Zamani swali kama hili lingekuwa zoezi la darasa la falsafa. Leo lina watu wake. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, walifanya upasuaji wa kwanza wa kuligawa tumbo la mtu mnene na kukiunganisha kipande kidogo cha juu moja kwa moja na utumbo. Tangu hapo upasuaji wa kupunguza uzito umekuwa tiba inayokubalika, katika dunia ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 ilikuwa na watu wazima milioni 890 wenye unene uliopitiliza. Kwetu wapo wanaofanyiwa Nairobi, wapo wanaoufuata India, na Dar es Salaam hospitali ya Mloganzila huwawekea wagonjwa puto tumboni kwa lengo hilohilo. Wakirudi nyumbani hukutana na hukumu mbili. Wengine husema wamepita njia ya mkato, wamenunua kwa pesa kile ambacho wenzao hukipata kwa jasho na funga. Wengine huwapongeza kana kwamba kazi imekwisha. Nadhani hukumu hizi mbili zinatokana na kosa moja: zote zinaamini kwamba kisu kinaweza kufanya kazi ya nafsi. Hakiwezi. Kisu humpa mgonjwa muda, na kiasi huanza kudaiwa baadaye, wakati wapongezaji wameshaondoka.

Tuanze na kile ambacho upasuaji unafanya kweli. Katika aina inayofanywa zaidi siku hizi, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo, akabakiza mrija mwembamba. Katika aina aliyoianzisha Mason, chakula huingia kwenye kifuko kidogo kinachobeba vijiko vichache tu, kisha huruka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Lakini nafasi kupungua si habari yote. Katika aina ile ya mrija, sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, ambayo huuambia ubongo kwamba njaa imefika. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo wagonjwa wengi hawapambani na njaa, kwa kuwa njaa yenyewe imenyamaza. Aristotle alitofautisha watu wawili: yule anayetamani kupita kiasi lakini akajizuia, na yule ambaye matamanio yake yenyewe yamefunzwa hata hayamvuti tena upande mbaya. Mgonjwa wa miezi ya mwanzo si huyu wala yule. Hajizuii, maana hana cha kuzuia. Wala hajafunzwa, maana hajajifunza kitu bado. Kilo zinazoporomoka wakati huo si sifa yake, na kusema hivyo si kumdharau. Kunamwondolea mzigo. Kama wembamba wa sasa si ushahidi wa nidhamu, basi na unene wa jana haukuwa ushahidi wa uovu.

Kisha muda unapita. Utafiti mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987 uliwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, ukawalinganisha na idadi kama hiyo ya wanene ambao hawakupasuliwa. Waliopasuliwa walikufa wachache zaidi, na hilo peke yake linatosha kuutetea upasuaji. Lakini waliofanyiwa upasuaji wa aina ya Mason, ambao katika mwaka wa kwanza na wa pili walikuwa wamepoteza karibu theluthi ya uzito wao, baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa kama robo. Sehemu ya uzito ilirudi, na njia za kurudi zinajulikana: tumbo hutanuka kidogo, hamu ya kula huamka, na mgonjwa hugundua kwamba nyama kavu inakwama lakini aiskrimu, soda na chokoleti zinateleza bila kizuizi. Wanateolojia wa Kikristo waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya madaktari. Papa Gregori Mkuu, na baada yake Thomas wa Akwino, walihesabu njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kutaka vilivyoandaliwa kwa madoido, kula kwa pupa, na kula kingi mno. Wingi ni njia moja tu kati ya tano. Kisu hufunga huo mlango mmoja, tena kwa muda, na minne mingine humwachia mwenye mwili.

Hapo ndipo pingamizi la njia ya mkato linapokosa nguvu. Linadhani kwamba watu wote walianzia mstari mmoja, kisha mmoja akapanda gari. Lakini mwili wa mtu mnene huutetea uzito wake: ukinyimwa chakula, hupunguza matumizi ya nishati na kuongeza njaa, na urithi wa damu una sehemu kubwa katika kuamua nani ananenepa kwa chakula kilekile. Isitoshe, dini kubwa za kwetu hazimnyimi mgonjwa thawabu kwa kuwa amekubali dawa; hatumwambii mwenye kisukari kwamba insulini imemwibia subira. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi, kwamba kukata kiungo kizima ni kuharibu alichoumba Mungu. Hoja hiyo imejibiwa na wenye elimu yao. Baraza la kimataifa la wanafikihi, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupunguza uzito kwa upasuaji pale unene unapokuwa ugonjwa, njia nyingine zikashindikana, na madhara yakaepukika. Papa Pius wa Kumi na Mbili alikwisha kueleza mwaka 1952 kwamba sehemu ya mwili inaweza kutolewa kwa ajili ya uhai wa mwili mzima. Na hata tukiziacha fatwa na hotuba hizo kando, anayeita njia hii fupi hajaitazama sahani ya aliyepasuliwa. Protini kwanza, wanga baadaye. Tonge moja litafunwe mpaka lilainike kabisa, maana ugali mgumu ukimezwa kwa haraka hukaa kifuani kama jiwe mpaka utapikwe. Maji yasinywewe pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye, tena kwa kufyonza. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote, pamoja na vipimo vya damu vya kila mwaka. Safari yenye masharti hayo haiwezi kuitwa ya mkato.

Sehemu ngumu zaidi, hata hivyo, haiko kwenye sahani. Kwa watu wengi chakula kilikuwa kimeajiriwa kwa kazi isiyokuwa yake: kutuliza hofu, kuziba upweke, kufuta siku mbaya ya kazini. Kisu kinamfukuza mwajiriwa lakini kazi inabaki bila mtu, na takwimu zinaonyesha nani huja kuomba nafasi hiyo. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2012 kwamba matatizo ya ulevi, yaliyowapata asilimia 7.6 ya wagonjwa katika mwaka wa kabla ya upasuaji, yalipanda hadi asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Sababu mojawapo ni mwili wenyewe, kwani baada ya upasuaji wa aina ya Mason pombe huingia kwenye damu kwa kasi zaidi. Katika jimbo la Utah, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, lakini vifo visivyotokana na maradhi, vikiwemo ajali na kujiua, viliongezeka kwa asilimia 58. Ontario nchini Kanada, mwaka 2016, iliripotiwa kwamba kesi za dharura za watu kujidhuru ziliongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji, ingawa waliofikia hatua hiyo walikuwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100. Tusizitie chumvi takwimu hizi. Wengi wanapona na kufurahi. Ila zinatufundisha jambo ambalo mizani haiwezi kulipima.

Imam Ghazali aliandika kwamba tamaa ya tumbo ni mzizi ambao tamaa nyingine huchipuka kutoka kwake, na akapendekeza njaa kama dawa. Mtu anaweza kusema takwimu hizi zinamkanusha: mzizi umekatwa, na bado chipukizi zinaota pembeni. Sidhani hivyo. Njaa aliyoisema Ghazali ni ile ambayo mtu anaiingia kwa hiari, kidogo kidogo, akiichunguza nafsi yake inavyolalamika. Njaa ya aliyepasuliwa imeondolewa akiwa usingizini chini ya dawa za nusu kaputi. Ya kwanza ni mafunzo. Ya pili ni tiba. Tiba yaweza kuokoa maisha bila kufundisha chochote, na hakuna aibu katika hilo, ilimradi anayetibiwa na wanaomzunguka wajue kwamba mafunzo bado. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoyaita machozi ya aliyepasuliwa kufuru ya neema. Anayelia kwamba hawezi tena kula pilau kama zamani halilii wali wala nyama. Analilia mfariji wake wa miaka mingi, na mwenye kufiwa hatulizwi kwa kuambiwa ashukuru.

Kuna pia pingamizi la wanaosema kiasi ni jambo la mtu na nafsi yake, hivyo wengine hawahusiki. Kwetu hilo si kweli hata kidogo, kwa sababu hatuli peke yetu. Mtu aliyezoea sinia la watu watano, akanyoosha mkono mara tatu na kuurudisha, ameshazua swali. Mwenyeji huona chakula chake kimedharauliwa, shangazi huongeza upawa mwingine bila kuuliza. Wembamba wa ghafla nao una historia yake Afrika Mashariki. Ukimwi ulipoanza kuwamaliza watu wa Rakai, Uganda, miaka ya 1980, jina lake la mitaani lilikuwa Slim, na makala ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa huo nchini humo, ya mwaka 1985, ilibeba jina hilo. Kizazi kilichozika watu waliokonda hakiwezi kumtazama aliyekonda bila shaka. Hivyo aliyepasuliwa huchagua kati ya kutangaza siri ya mwili wake na kuacha watu waseme wanachotaka. Nyumbani nako mambo husogea. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2018 kwamba baada ya upasuaji wa namna hii waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi, na waliokuwa na wenzi walitengana zaidi, kuliko wanene ambao hawakupasuliwa. Mwili ukibadilika, mapatano ya zamani ya nyumba hutikisika. Kiasi kinachoishi katikati ya watu hakiwezi kuwa jukumu la mmoja wao pekee.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ramadhani. Aliyepasuliwa anahitaji angalau gramu 60 za protini na lita moja na nusu ya maji kwa siku, kwa kufyonza na kutafuna taratibu; kuvipata vyote kati ya magharibi na alfajiri, muda usiozidi saa 11 ambao ndani yake kuna tarawehe na usingizi, si rahisi katika miezi ya mwanzo. Na mwenye tumbo la aina ya Mason akifuturu kwa tende kadhaa na glasi ya sharbati kwa mkupuo, sukari hushuka utumboni kwa ghafla: jasho jembamba humtoka, moyo huenda mbio, na inambidi alale chini wakati wenzake wanasimama kuswali. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye, au kutoa fidia ikiwa hatarajii kupona, ina msingi wake katika Qurani yenyewe. Pamoja na hayo, wapo watakaofunga kwa kuogopa maneno. Hapo ndipo ninapoona kiasi cha kweli kinapopimwa. Kukubali ruhusa, kunywa maji mchana bila kujificha wala kujitangaza, na kumsikiliza daktari na shehe pamoja, kunahitaji kushinda kiburi, na kiburi hakina homoni ya kukatwa. Afya ikitulia na daktari akiridhia, atafunga kama wengine. Naye atakuwa anafunga kwa hiari yake, wala si kwa sababu tumbo limekataa.

Jibu la swali letu basi ni hili: anayeacha tonge la sita kwa kukosa nafasi hana fadhila wala kosa, yuko katika matibabu. Fadhila huanza siku nafasi inaporudi naye akaacha kwa kuchagua. Kwa hiyo hospitali zinazofanya upasuaji huu zisimwage mgonjwa pale mishono inapopona. Zimwekee mshauri wa nafsi pamoja na wa lishe, na zimfuatilie angalau katika mwaka wa pili na wa tatu, ambapo takwimu zinaonyesha hatari. Maimamu na wachungaji waseme mimbarini kwamba unene uliopitiliza ni maradhi na tiba yake si dhambi. Sisi tunaokula naye tuache kuuliza amepungua kilo ngapi, tumwachie sahani yake ndogo bila maneno. Na tukimwona ameanza kunywa au kujifungia chumbani, tumpeleke kwa daktari leo. Mawaidha yanaweza kusubiri.