Mwenye Ukuta si Mwenye Picha

Mwanangu, kaa kitako. Nimechoka kulisema jambo hili kila maonyesho yanapofunguliwa, lakini nitalisema tena. Kwenye mwaliko wako nimeliona jina lako juu, kwa herufi kubwa. Majina ya wasanii nimeyatafuta kwa miwani.

Sikulaumu sana, kazi yenyewe imebadilika. Zamani msimamizi wa sanaa alikuwa mtu wa ghala: anasajili, anafuta vumbi, anazuia mchwa. Kisha mwaka 1969, Harald Szeemann, mkuu wa jumba la maonyesho la Kunsthalle mjini Bern, Uswisi, akawaacha wasanii wafanye watakalo. Mmoja alipasua lami ya nje kwa tufe la chuma. Mji ukahamaki, Szeemann akajiuzulu, akawa msimamizi asiye na jumba, anayefuatwa kwa jina lake. Mwaka 1972 akaongoza maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta huko Kassel, Ujerumani. Hapo msanii Daniel Buren alilalamika kwamba sasa kinachoonyeshwa ni maonyesho yenyewe, kazi za wasanii zimekuwa rangi tu za kupakia. Na lalamiko hilo lilichapishwa ndani ya katalogi ya maonyesho yale yale! Wewe ungelichapisha?

Sikwambii urudi ghalani. Okwui Enwezor, Mnigeria, Mwafrika wa kwanza kuongoza Documenta, mwaka 2002, alipewa madaraka makubwa kuliko uliyonayo wewe. Akaita wenzake sita wachague pamoja naye, na kabla ya picha kutundikwa akapeleka mijadala Vienna, New Delhi, Saint Lucia na Lagos. Watu ambao Kassel haikuwahi kuwauliza neno wakaulizwa.

Sasa tazama kwetu. Mwaka 2013, na tena 2015, banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, Italia, lilipangiwa wasanii wengi kutoka China. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele hadi serikali ikalikana lile la 2015. Usidhani ni habari ya siasa tu, mwanangu. Kuna watu walikaa mezani, wakachagua, wakaandika jina la nchi juu ya mlango. Kuchagua huko ndiko unakokufanya wewe kila mwezi, huku ukitabasamu mbele ya kamera.

Basi nakuomba. Muulize msanii kazi yake ikae wapi kabla hujagonga msumari. Mpe mkataba aweze kuusoma nyumbani kwa utulivu. Na umlipe kabla hujalipia vitafunwa vya ufunguzi.