Kamba Anunue Nani?

Wawindaji wa kulungu kule Marekani wengi wao hawanyemelei. Huweka ulingo juu ya mti, mita tano au sita kutoka ardhini, wakapanda kabla hakujapambazuka na kukaa kimya mpaka mnyama apite chini. Ndiyo maana wana ubishi ambao kwetu ungechukuliwa kuwa kichekesho: mtu aliye ulingoni avae mkanda wa usalama, au aachwe na akili zake? Mkanda wenyewe ni ule wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, kisha ukafungwa kwa kamba kwenye shina. Chama cha watengenezaji wa viti hivyo vya mtini kinataka kila kiti kiuzwe pamoja na mkanda wake. Jimbo la Alabama limekwenda mbali zaidi: katika maeneo ya uwindaji yanayosimamiwa na serikali, mkanda ni sharti. Pamoja na hayo yote hawakosekani wanaume wazima wa kusema kwamba mkanda unabana, unachelewesha, na kwamba marehemu baba aliwinda maisha yake yote bila kamba na akafia kitandani.

Mimi siwindi, wala sijui bunduki inashikwaje. Lakini nimezaliwa Pemba, kwenye mikarafuu, na hiyo hoja ya baba aliyefia kitandani naijua kwa sauti, kwa lafudhi na kwa kikohozi chake.

Aliyeiona karafuu ndani ya pilau tu hajui inavyopatikana. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likishachanua, thamani imeondoka. Kwa hiyo msimu ukifika, kuanzia mwezi wa saba hivi, kila siku ni ya mbio: mvua isitangulie, tumba lisichanue, mwizi asiwahi. Na matumba hayo hayakai karibu na shina. Yamekaa kwenye ncha za vitawi vyembamba, pale ambapo mtu asiye na shida asingekanyaga. Mchumaji huweka mguu mmoja tawi hili na mguu wa pili tawi lile, pakacha linaning'inia ubavuni, mkono mmoja umevuta kitawi kwa ngoe, mkono wa pili unakonyoa vishada. Hesabu mwenyewe ni mkono gani umebaki wa kujishikia.

Tena mkarafuu ni mti wenye hiana. Tawi la mpera hupinda kwanza, likakupa nafasi ya kutafuta pengine pa kukanyaga. La mkarafuu hukatika tu, bichi, likiwa na majani yake yote ya kijani, na mara nyingi asubuhi, wakati gome bado lina umande.

Mkarafuu wa umri hufika mita 10 na kupita. Anayeanguka kutoka mita 10 hutumia chini ya sekunde moja na nusu kufika ardhini, na hufika akiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ni sawa na kutupwa kutoka kwenye daladala inayokwenda mwendo halali wa mjini, isipokuwa hapa hakuna wa kupiga honi. Mnazi ni mbaya zaidi: kutoka mita 20 mwendo unafika kilomita 70.

Watu husema fulani kaanguka mkarafuu, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kana kwamba ameanguka homa. Mimi nina ami yangu aliyeanguka na akaishi. Tulikuwa tukienda kumjulia hali, tunamkuta kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, miguu imetulia kama si yake. Mkewe alimgeuza kila baada ya muda, usiku na mchana, ili vidonda vya kulalia visimle mgongo. Kuna mto mdogo alioushona mwenyewe, wa sufi, wa kuweka katikati ya magoti yasisuguane. Kiti cha magurudumu kilikuja kwa msaada wa watu. Lakini anayeijua Pemba anajua ni nchi ya vilima na mabonde, na njia ya kutoka kwake kwenda msikitini ni udongo mwekundu unaoteleza. Kiti kikawa cha barazani. Kila tulipokwenda alituuliza jambo lile lile kabla ya salamu kwisha: mwaka huu pishi wanachuma kwa bei gani?

Swali hilo lilikuwa na maana zaidi kuliko tulivyodhani. Jioni karafuu humwagwa jamvini, watu wakazunguka kuchambua, makonyo upande huu na karafuu upande ule, kisha zikapimwa kwa pishi, na mchumaji akalipwa kwa pishi zake. Pishi haiulizi umepanda tawi gani. Aliyechuma matawi ya chini kwa utulivu na aliyekwenda mpaka kileleni wanalipwa kwa kipimo kimoja, na mwenye kuleta nyingi ndiye anayesifiwa. Mfumo mzima unamwambia kijana: harakisha, panda juu zaidi. Halafu akianguka tunasema alikuwa na pupa.

Katika miaka hii mambo hayakulala kabisa, na ni haki kulisema hilo. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu kwa mujibu wa sheria, limekuwa likiwalipa fidia walioanguka kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu. Familia iliyopata fedha hizo inajua uzito wake. Lakini fidia humkuta mtu yuko chini tayari. Hakuna hesabu ya hospitali inayoweza kuurudisha uti wa mgongo mahali pake, na anayetoka kijijini Pemba akiwa amevunjika mgongo ana safari ndefu, mara nyingi ya kuvuka bahari mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kila tuta likimtikisa.

Sasa nihamie bara kidogo, kwa sababu kuna jibu nililolipata huku ambalo limenikaa kichwani. Ninapoishi Kigamboni tuna minazi uani, na kuna kijana anayetuangulia nazi. Hukwea kwa kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, basi. Hatua chache kutoka mnazi wetu ipo nguzo ya umeme. Fundi wa umeme akija huipanda na mkanda umezunguka nguzo na kofia ngumu kichwani, na nguzo yenyewe haifiki hata nusu ya mnazi. Fundi ana mwajiri. Mkwezi ana sisi.

Siku moja, akiwa amekaa chini anakunywa dafu, nilimuuliza kama nikimnunulia mkanda atauvaa.

"Nitavaa, mzee," akasema. "Kwa nini nisivae? Ila bei ya mnazi itabidi iongezeke. Mkanda unachelewesha, na mimi nalipwa kwa mti."

Nilitegemea aniambie habari za ujasiri, au kwamba yeye ni mzoefu, au kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Hakusema hata moja kati ya hayo. Alinipa bei. Sisi tulio chini ndio tunaopenda kuzungumzia ujasiri wa wakwezi na wachumaji. Wenyewe wana mahesabu, na katika mahesabu hayo usalama ni gharama ambayo hakuna aliyejitokeza kuilipa.

Haya ya kusema ajali haina kinga nayaheshimu kwa mtu aliyefiwa, yanapoza moyo. Kwa mtu anayegawa kazi asubuhi hayana nafasi. Masheikh wetu wameshatusomesha tangu chuoni kisa cha yule bedui na ngamia wake, kwamba afunge kwanza kisha ndiyo amtegemee Mungu, na sijawahi kumsikia mwenye shamba akibishana na kisa hicho linapokuja suala la kufunga magunia ya karafuu yasiibiwe.

Kwa hiyo naipigia debe mikanda? Ndiyo, lakini si kwa kichwa kichwa. Hao hao Wamarekani wametufundisha kwamba mkanda una matatizo yake. La kwanza, wengi wao hawaanguki wakiwa wamekaa ulingoni. Huanguka wakipanda, wakishuka, au pale wanapohamisha mguu kutoka kwenye ngazi kuingia kwenye kiti. Mkanda unaofungwa baada ya kufika juu umeshachelewa. Ndiyo maana wanashauriwa kuning'iniza kamba ndefu kutoka juu mpaka chini, yenye fundo linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kukaza likivutwa kwa uzito, ili mtu awe amefungwa tangu mguu unapoacha ardhi. La pili, mtu akianguka akabaki ananing'inia bila kutikisika, damu hujikusanya miguuni, kizunguzungu kinamshika, na akikaa hivyo muda mrefu anaweza kufa na mkanda wake mzima. Anatakiwa awe na kitanzi cha kukanyagia, na simu iwe mwilini, isiwe ndani ya begi.

Hapa mchumaji wa Pemba ana kitu ambacho mwindaji wa Alabama hana. Mwindaji yuko peke yake msituni, tena kimya. Chini ya mkarafuu kuna kinamama, kuna watoto wanaookota zilizodondoka, kuna mzee anayepiga soga. Kumuweka mtu mmoja wa kushika kamba ya usalama si jambo la ajabu, watu wapo.

Mnazi na mkarafuu haifanani pia, na anayetaka kuleta kifaa kimoja kwa miti yote atapoteza fedha za wafadhili. Mnazi hauna matawi, kwa hiyo kamba inaweza kuuzunguka na kupanda pamoja na mtu. Huko Kerala, India, ambako wakwezi walikuwa wanapungua, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ilianza mwaka 2011 kuwafundisha vijana, na wanawake wakiwamo, kukwea kwa mashine ya miguu yenye fremu mbili zinazobana shina kwa zamu, kila mhitimu akipewa mashine yake na bima. Kukwea kukawa kazi ya mtu mwenye cheti. Mashine hiyo haifui dafu kwenye mkarafuu, maana tawi la kwanza tu litaizuia. Mkarafuu unataka kamba inayopitishwa kwenye panda nene karibu na shina, juu ya kichwa cha mchumaji, na kuhamishwa kila anapobadilisha upande. Inachelewesha, sikatai. Kijana wa Kigamboni alishaniambia.

Ninachokikataa ni sheria ya kumkamata mchumaji asiye na mkanda. Tunaujua mwisho wake: askari chini ya mti, kijana juu, na mazungumzo ya noti mbili tatu. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2005, na Bara tangu 2003, na zote zinamtaka mwajiri amlinde anayemfanyia kazi. Kinachotushinda ni kumpata huyo mwajiri. Shamba ni la eka tatu la babu, limerithiwa na watu wengi. Mikarafuu imekodishwa kwa mtu wa Wete. Aliyekodi ameleta msimamizi. Msimamizi ameleta wachumaji kutoka kijiji kingine. Mti ukivunwa, wote hao wana fungu. Mtu akianguka, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kwa maoni yangu mwajiri ni yule anayepeleka karafuu kituoni kuziuza, awe mwenye shamba au aliyekodi. Yeye ndiye anayeshika fedha. Kwa miaka mingi kilo moja ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa Sh 14,000. Gunia la kilo 50 kwa bei hiyo ni Sh 700,000, na mkanda wa mafundi ujenzi pamoja na kamba madhubuti haviwezi kuzidi gunia hilo moja, tena hutumika misimu kadhaa vikitunzwa. Mfuko unaolipa fidia ungeweza kukopesha kamba kabla ya msimu, na kukata fedha yake kidogo kidogo karafuu zikifika kwenye mizani. Na pishi ya aliyechuma akiwa amefungwa iongezwe bei, ili kuchelewa kusimle yeye peke yake.

Hayo niliyapeleka kwa mjomba wangu wa Mtambile, ambaye ana mikarafuu ya kutosha na ulimi wa kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachezea tasbihi.

"Kamba nitanunua, mwanangu," akasema. "Hilo la kuongeza pishi ndilo uliloharibu. Bei ya kuuzia si ninayoipanga mimi."

Nikamjibu kwamba ya kuchumia anaipanga yeye. Akasema nimeanza kuwa mtu wa Dar es Salaam. Tulibishana mpaka alasiri ikaadhiniwa, tukaenda kuswali, tukarudi tukaendelea, na mpaka naondoka alikuwa amekubali kununua kamba mbili, kwa wachumaji wake kumi na wanne.